Mahari ya Mitumbwi Miwili

Mwanamke niliyemposa mjini Muyinga hakutaka ng'ombe, hakutaka pesa, hakutaka hata kitanda, na mimi ni fundi wa vitanda. Alitaka mashua. Wala si mashua mpya. Alitaka ile ya marehemu baba yake, iliyokuwa uani kwake imegeuzwa banda la kuku. Niitengeneze, niishushe ziwani, na yeye apande, tuambae na ukingo wa ziwa kutoka asubuhi mpaka jioni. Tukirudi salama, mahari imetimia na kaka yake atatuozesha. Mashua ikikataa, kila mtu ashike njia yake. Tena yote hayo kabla ya Ramadhani.

Nakaa Yoba, mjini Gitega, katikati kabisa ya Burundi. Maji mengi kuliko yote niliyowahi kupambana nayo yalitoka kwenye bomba lililopasuka mbele ya karakana yangu. Nilikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, bara kavu, huko ndiko nilikojifunza useremala. Nikarudi nchini na mke na sanduku la zana. Mke wangu alifariki, Mungu amrehemu, watoto wakaoa na kuolewa, nikabaki na sanduku. Miaka saba nilipika mwenyewe, nikala mwenyewe, nikajigombeza mwenyewe. Watu wa Yoba watakuambia nina hasira za karibu. Waongo. Ziko karibu sana, lakini haziumi.

Muyinga nilikwenda kufunga vitanda kwenye nyumba ya wageni, kazi ya wiki tatu. Sokoni kulikuwa na mama mmoja mjane, anauza ndagala wakavu, wale samaki wadogo wa ziwa Tanganyika. Alikuwa na kicheko kikubwa, unakisikia kutoka upande wa nyanya. Nikanunua ndagala. Kesho yake nikanunua tena. Naomba nieleweke hapa: mimi sipendi ndagala. Wiki tatu nilinunua kila siku, nikawagawia paka wa nyumba ya wageni mpaka wakaanza kunisubiri mlangoni kama watoto wa shule.

Siku ya mwisho nikavaa kanzu safi, nikaenda kwa kaka yake mwenye duka la vitenge. Ni mtu mpole, mnene, anapenda Kifaransa kuliko Kifaransa kinavyompenda yeye. Akanisikiliza, akanywa chai.

"Bon," akasema. "Mi sina shida. We uko Mwislamu, uko na kazi, uko na meno. Lakini mahari iko ya dada, haiko ya mi. Atasema yeye mwenyewe."

Ndiyo sheria yetu, mahari ni haki ya mwanamke, hutaja atakacho. Dada akaja, akakaa, akaitaja ile mashua bila hata kupepesa macho. Kaka mtu chai ikampalia. Nikadhani ni mafua.

Wakanipeleka uani. Watu wa ziwa Tanganyika huiita katamara. Ni mitumbwi miwili ya mbao, mirefu, inayolala sambamba kama vitanda viwili vya bweni, imefungwa pamoja kwa miti minne, na katikati kuna jukwaa la kukaa na kuwekea nyavu. Baba yao alivua nayo huko Rumonge, ziwani humo humo. Alipofariki, ndugu waliuza nyavu na taa, ila huyu binti akagoma mashua isiuzwe. Alipohamia Muyinga kwa biashara akaipakia kwenye gari, akaja nayo, mahali pasipo na ziwa. Mtumbwi wa kulia ulikuwa na kuku kumi na jogoo mmoja mwenye kiburi. Wa kushoto ulikuwa na kuni. Nikabonyeza ubao kwa kidole, kidole kikapita mpaka ng'ambo.

Kaka mtu akacheka. "Fundi, vraiment, kweli kabisa, hii kitu haiko mashua. Iko supu ya mchwa."

Angenyamaza tu, labda ningesema asante, nikarudi zangu Gitega na heshima yangu. Lakini alicheka. Damu ikanipanda. Nikasema, "Kesho naleta kamyo." Hasira yangu ndiyo iliyoposa, mimi nilifuata nyuma yake. Nikamtazama yule mama nione kama amefurahi. Alikuwa ameshika mlango, mdomo wazi kidogo. Nikajua amezidiwa na furaha.

Kesho yake kamyo, lori la kukodi, ikaja kweli. Maji ukiyavulia nguo, yaoge. Tukafukuza kuku, tukaipakia, na jogoo akatuandama mpaka barabara ya lami akitutukana.

Miezi saba ilikuwa imebaki kufika Ramadhani. Niliilaza mitumbwi chini ya paa la bati la karakana, na kuanzia siku hiyo sikuwa tena fundi. Nilikuwa Nuhu. "Nuhu, mvua lini?" "Nuhu, nitengee nafasi, mimi na mbuzi wangu!" Walimu kutoka mtaa wa Mushasha walileta darasa zima kuja kuona mashua ya mlimani. Mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa kama Gitega tutapata ziwa kwa mpango wa serikali. Nikamfukuza, kisha nikamwita, nikamwonyesha mkuku, ule ubao wa chini unaobeba vyote kama uti wa mgongo.

Na nilikuwa na furaha! Furaha ya kijinga, ya mtu aliyepita umri wa ujinga. Nilikuwa naamka kabla ya adhana kwa hamu ya kukwangua lami. Chini ya lami nikakuta rangi ya bluu, chini ya bluu nyekundu, chini ya nyekundu magamba ya samaki yamekauka kwenye ufa tangu enzi za yule mzee. Nikayanusa. Mimi nisiyependa ndagala, nikayanusa tena.

Kila Ijumaa baada ya swala simu ililia. "Fundi, mashua inaendelea aje?"

"Inapendeza, mama. Ubao wa tatu nimeubadilisha. Nimeweka mvule."

"Mvule?"

"Mvule mtupu!"

"Haya, fundi." Akakata. Maneno yake hayakuzidi hayo kwa miezi saba, na mimi niliyala wiki nzima kama mtu mwenye akiba.

Sasa kosa langu. Seremala wa vitanda ana adui mmoja, naye ni ufa. Mteja akiona ufa kwenye kitanda harudi. Kwa hiyo niliitengeneza ile mashua kama kitanda cha maharusi. Mtumbwi wa kulia, maungio yote ya mbao niliyajaza kole, ile gundi ya mbao, iliyochanganywa na unga wa mbao, nikaigonga iingie, ikakauka ikawa jiwe. Nikapiga randa, nikapiga msasa, nikapaka verni ya kung'arisha mikono mitatu. Ungeweza kunyolea ndevu kwa kujitazama ubavuni mwake. Tulikuwa tumepita kiangazi kizima chini ya bati, mbao zimekauka zinalia zikigongwa, na nilizibana hata wembe usipite. Nilipofika mtumbwi wa kushoto kole ikaisha mjini kote. Gari la kuileta lilikwama, nami muda ulikuwa unanikimbia. Kwa aibu kubwa nikasokota pamba ya mito, nikaisukumiza kwenye nyufa kwa patasi, nikapaka rangi juu ili asione mtu. Usiku ule sikulala vizuri.

Kitu cha mwisho kilikuwa mikono ya kubebea. Hapa kwetu fundi wa vitanda ndiye fundi wa majeneza, mtu hulala mara mbili. Nilikuwa na mikono ya shaba ya majeneza, mizuri, imara. Nikaifunga nane kila mtumbwi. Naapa sikuwaza lolote.

Niliwaza kubeba tu, kwa sababu ziwa tulilochagua ni Rweru, huko kaskazini, kupita Muyinga hata Kirundo, na kutoka barabarani mpaka mwaloni, wanapoegesha mitumbwi, njia ni ya miguu. Nilihitaji mabega. Nikaenda Itaba, kwa wakulima niliokua nao Tanzania. Kila kilima hapa kina chama chake cha machela. Mtu akiugua mbali na barabara, wanaume wa kilima humbeba mabegani mpaka hospitali, na bibi harusi vilevile hubebwa, na anayekataa zamu yake siku yake akiugua atatembea. Nikawaambia kazi yenyewe. Mkubwa wao akafikiri.

"Ni mgonjwa au ni harusi?"

"Bado haijajulikana," nikasema.

"Maana kwa mgonjwa tunabeba bure. Kwa harusi kuna bia."

"Mimi ni Mwislamu. Kuna Fanta."

Ukawa mgogoro. Wakristo kumi na sita, wote wananitazama kama nimewatolea mtume mwingine. Wakajitenga, wakashauriana, wakarudi. Wangekubali Fanta, mradi iwe na pilau, na mradi walione ziwa, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wameona maji mapana tangu meli ya ziwa Tanganyika ilipowarudisha nchini. Tukashikana mikono.

Tukaondoka Gitega alfajiri, mitumbwi juu ya kamyo, watu kumi na sita wameketi kando yake humo humo wakiimba. Verni yangu niliionea huruma, vumbi la njiani lingeimaliza, kwa hiyo niliifunika mitumbwi kwa mashuka meupe niliyoazima nyumba ya wageni ya jirani. Mnaona nilichofanya? Mimi sikuona. Vitu viwili virefu, mashuka meupe, mikono ya shaba inang'aa pembeni, wanaume kumi na sita waliovaa makoti ya Jumapili.

Kijiji cha kwanza wazee walivua kofia. Nikasema, watu wa huku wana adabu. Kijiji cha pili pikipiki zote zilisimama kando, na mama mmoja akapaza sauti, "Mwihangane! Mungu awape nguvu!" Wabebaji wangu wakaacha kuimba. Tulipofika Muyinga na kusimama mbele ya duka la kaka mtu, habari zilikuwa zimetutangulia. Wanawake wa soko wamejifunga khanga viunoni, mmoja amekwisha leta sufuria, na kaka mtu yuko mlangoni, macho mekundu.

"Ni akina nani?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Wako wawili, vraiment? Wawili?"

"Wawili gani? Hii ni mahari!" Nikavuta shuka.

Soko zima likaangua kicheko. Yule mama wa ndagala alikuwa mbele ya wote, na alicheka mpaka akakaa chini kwenye debe lake, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akanitazama, akacheka upya. Sufuria ya matanga tukaila wabebaji na mimi, maana chakula hakina kosa. Baada ya kula yule mama akapanda kamyo, yeye mbele na kaka yake, mimi juu na mali yangu.

Kutoka barabarani kushuka ziwani wale watu wa Itaba walinionyesha kazi. Wanane mtumbwi huu, wanane ule, bega kwa bega, na wanabadilisha mabega bila kusimama. Walikuwa wameamua njiani kwamba mtumbwi wa kulia ni bibi harusi, wakawa wanauimbia, na wa kushoto ni mgonjwa, wakawa wanauambia "jikaze, tunafika". Waliokutana nasi hawakujua wapige vigelegele au wavue kofia, wakafanya vyote. Halafu tukavuka kilima cha mwisho, na Rweru ikawa chini yetu, pana, mafunjo kila upande, na wabebaji kumi na sita wakakatiza nyimbo wote kwa pamoja. Mkubwa wao akasema, "Kumbe bado lipo," ingawa hili hakuwahi kuliona.

Tukafunga miti minne ya mikaratusi, tukapigilia jukwaa, tukasukuma. Bismillah. Ikaelea! Niliruka, nikampigia saluti mtu nisiyemjua. Mtumbwi wa kulia ulikaa juu ya maji mkavu kama biskuti. Wa kushoto ukaanza kunywa. Kwanza kwenye pamba ya mbele, kisha kila mahali, maji yanapanda mpaka kwenye mbavu za ndani, mimi nachota kwa ndoo huku natabasamu ili watu wasijue.

"Fundi," kaka mtu akasema, "mi naona iko maji mingi ndani."

"Ni jasho," nikamwambia.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja mwezi wa Ramadhani uandame. Nikamgeukia dada yake, nikamwambia tupande sasa hivi, nitachota njia nzima, hatalowa. Alikuwa ameinama juu ya ule mtumbwi wa kushoto, wa aibu yangu, anapitisha kidole kwenye pamba, na anatabasamu peke yake.

"Iache," akasema. "Ilale ndani ya maji siku tatu. Halafu tutaona."

"Siku tatu! Itazama!"

"Itazama, ndiyo. We kula pilau."

Watu wa Itaba wakala pilau, wakanywa Fanta kreti tatu, wakaosha nyuso ziwani kila mmoja kwa zamu, wakarudi na kamyo. Mimi nikabaki kwa wavuvi, kaka na dada wakawa kwa mama mmoja mchuuzi wa samaki, rafiki wa huyo dada. Mtumbwi wa kushoto ulijaa hadi mdomoni, ukawa unashikiliwa na mwenzake tu. Sikuweza kuutazama. Nilikuwa naenda kuutazama kila saa.

Asubuhi ya tatu nilitoka mapema. Mtumbwi wa kushoto ulikuwa umejaa vilevile, nikasema ngoja niuchote nione balaa lote. Nikachota, nikachota, ukakauka, na haukuingiza tena. Nikasubiri. Hata tone. Zile mbao zilikuwa zimevimba, zikaibana pamba, zikafunga zenyewe. Nikapiga kelele ya shangwe, nikageuka kuuangalia ule wa kulia, mzuri wangu, kitanda cha maharusi. Ulikuwa umepasuka ubavu mzima. Verni ilikuwa imekatika vipande, ubao wa mvule umejikunja umetoka nje, misumari imechomoka imesimama kama meno ya mbwa, na maji yanaingia na kutoka yapendavyo.

Nyundo niliitupa ziwani. Ilikuwa nyundo nzuri, naikumbuka mpaka leo. Nikaitukana kole, nikautukana mvule, nikamtukana aliyegundua maji. Halafu nikakaa kwenye matope, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia. Nililia kwa sababu nilimtaka yule mwanamke, basi, sina maneno mengine ya kulipamba.

Kaka mtu akaja, akaangalia, akavua kofia kama wale wazee wa njiani. "Bon. Fundi, pole. Mahari haikutimia."

Dada akaja nyuma yake. Hakucheka safari hii. Akaingia majini na nguo zake mpaka magotini, akashika ule ubao uliojikunja.

"Nani alikuambia uzibe hivi?"

"Ndivyo tunavyoziba. Kitanda hakitakiwi kuwa na ufa."

"Kitanda hakinywi maji, fundi. Ubao unakunywa, unanenepa. We ulimfungia nguo ya kumbana akiwa na njaa, akishiba atafanya nini? Mashua unaacha nafasi, unaweka pamba na mawese. Baba yangu alikuwa anaweka hivyo. Wanaita kalafati." Akaniangalia. "Huu wa kushoto nani alikufundisha?"

Hapo ningeweza kusema uongo mzuri kabisa. "Kole iliisha," nikasema.

Akafunga khanga vizuri kiunoni. "Lete patasi. Ziko mbili?"

"Hapana, hapana," kaka mtu akasema. "Bibi harusi hawezi kujitengenezea mahari! Iko wapi hiyo?"

"Mahari iko ya nani?" dada akamuuliza.

"Iko yako."

"Donc, basi, mi ndiye nitajua kama imetimia. We washa moto, tupashe mawese."

Na kaka mtu, mwenye duka la vitenge, akawasha moto. Siku mbili tulikaa mimi na dada yake pande mbili za mtumbwi mmoja, tunakwangua kole yangu ya miezi saba, tunasokota pamba, tunaigonga taratibu kwa kisigino cha patasi. Nikigonga sana ananipiga mkono. "Acha nafasi." Nikikasirika anacheka. Sijawahi kugombezwa kwa raha namna ile. Halafu tukauacha unywe, siku tatu tena, na mimi nikaenda kuutazama mara chache zaidi.

Siku ya nne, zimebaki siku tatu mwezi uandame, mitumbwi yote miwili ilikuwa mikavu ndani, mibaya nje, verni imebanduka kama ngozi ya mgonjwa, na sijawahi kutengeneza kitu kizuri kuliko hicho. Tukaondoka jua likichomoza. Yeye nyuma na kasia la usukani, mimi mbele na kasia langu, kaka mtu katikati ya jukwaa chini ya mwavuli, kwa sababu si halali kumwacha dada yake peke yake na mimi, ingawa tangu tuondoke ufukweni alikuwa amefumba macho anasoma dua.

Tuliambaa na mafunjo. Visiwa vya mafunjo vinavyoelea vilitupita vikiwa na ndege juu. Viboko walikuwa wanapumua mahali fulani, dada akatuzungusha mbali nao bila wasiwasi. Kila mwalo tuliopita watu walitoka kutazama, hawajawahi kuona mtumbwi wenye pacha. Wakauliza tunauza nini. "Hatuuzi!" nikawajibu. "Tunatembea!" Tukala mihogo na, Mungu wangu, ndagala, na nikawala wote. Nilikuwa nacheka bila sababu.

"Fundi, mbona we unashika huo mti wa jukwaa kwa mikono miwili kila tukisimama?" dada akaniuliza.

"Naangalia kama kamba imekaza."

"Ah," akasema.

Alasiri tukageuza mashua kurudi. Mwalo wetu ulianza kuonekana, moshi, mapaa mawili matatu. Akaacha kupiga kasia.

"Mi nikuambie kitu na usikasirike."

"Mimi? Nikasirike?"

Kaka mtu akafumbua jicho moja.

"Ile siku ulikuja kuposa," akasema, "mi sikukutaka. Sikukutaka hata kidogo. Walikuja wengine wawili mbele yako, nao sikuwataka. Kumwambia mtu mzima hapana usoni mwake iko aibu. Donc mi nilikuwa nawatajia mashua. Mtu anaiona, anacheka, anaenda nyumbani na heshima yake. Iko hapana yenye adabu. Muyinga yote wanajua."

Nikamwangalia kaka mtu. Akafumba tena lile jicho.

"Na mimi?" nikasema.

"We ulileta kamyo."

Basi nikasimama. Sikumbuki kuamua kusimama. "Miezi saba!" nikapiga kelele, ndege wote wakaruka kwenye mafunjo. "Miezi saba naitwa Nuhu! Nimemaliza kole ya Gitega yote! Nimebebewa majeneza, nimepewa pole na watu nisiowajua, nimetupa nyundo, nimelia kwenye matope mbele ya kaka yako, na kumbe ulikuwa unasema hapana! Kila Ijumaa unapiga simu, mama, kila Ijumaa! Ulikuwa unauliza nini?"

"Mwanzo nilikuwa nauliza kama umeacha."

"Na baadaye?"

Akaliweka kasia magotini. Nilikuwa natupa mikono huku na huku, nakanyaga jukwaa kwa miguu yote miwili, na mashua ile haikutikisika, ilikaa tu juu ya maji kama sakafu. Yeye alikuwa ananitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona sokoni wala kwenye matope.

"Kaa chini, mume wangu," akasema. "Hujui kuogelea."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Eh!" kaka mtu akafumbua macho yote mawili. "Mume gani? Mi bado sijaozesha!"

Nikakaa.